Mguu wa Mpagazi na Wajibu wa Tabibu

Katika nchi iliyoko baina ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako milima ya malisho inateremka kuelekea magharibi hata ikamezwa na msitu mkubwa, upande ule wa Mpofi, Kashebere na Kibua, mtu hufika shambani kwa miguu, sokoni kwa miguu, na akishikwa na maradhi hufika kwa tabibu kwa miguu yake mwenyewe au kwa miguu ya majirani waliombeba katika machela ya miti. Mvua zikinyesha, na upande ule hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, barabara hugeuka tope, malori hukwama, pikipiki husukumwa badala ya kupandwa, na kila gunia la mihogo, kila kidumu cha mafuta ya mawese na kila katoni ya dawa hurejea juu ya mgongo wa mwanadamu. Kwa hiyo yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba ninapoandika juu ya kifundo cha mguu, kisigino na muundi, siandiki juu ya anasa ya wanamichezo wa miji mikubwa, bali juu ya riziki ya nyumba nzima ambayo husimama au huanguka pamoja na mguu mmoja.

Dai langu ni kwamba tiba ya viungo kwa mazoezi, yaani fiziotherapia, ambayo katika hospitali zetu za Kongo huitwa kine kwa kufuata Kifaransa, imewekwa mbali mno na mtu wa kijijini. Imefanywa kuwa jambo la hospitali kubwa na la majeruhi wa risasi, ilhali sehemu yake iliyo kubwa na yenye manufaa zaidi ingaliweza kutolewa katika kila kituo cha afya cha milimani na cha msituni, kwa gharama iliyo haba kuliko ile ya vidonge tunavyowagawia watu mwaka baada ya mwaka ili kutuliza maumivu ambayo vidonge havina uwezo wa kuyaondoa.

Atazamaye kazi za watu wa nchi ile hatastaajabu kwamba miguu yao huumia. Tangu kasiteriti, yaani madini ya bati, ilipogunduliwa Bisie, katika Walikale, mwaka 2002, vijana wasiohesabika walijitwika magunia ya kilo 50 na kuyachukua kwa mwendo wa siku mbili hivi, juu ya mizizi, magogo yanayoteleza na vidimbwi visivyojulikana kina chake, hata Njingala penye barabara. Na ingawa mwaka 2019 kampuni ilianza kuchimba hapo kwa mitambo, upagazi haukukoma katika machimbo mengine madogo yaliyotapakaa msituni. Upande wa Masisi kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mji wa Goma umekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwa heshima ya wanaokitumia. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi siku nzima. Na katika mteremko, akiwa na magunia ya viazi au makaa mbele yake, huzuia mwendo kwa kukandamiza kwa mguu kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Wanawake nao, ambao mizigo yao haihesabiwi katika takwimu ya biashara yoyote, huchukua kuni na mihogo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye kipaji cha uso, hali wameinama, macho yakitazama hatua moja tu iliyo mbele, na mara nyingi mtoto akiwa juu ya mzigo.

Waulize watu hawa ni wapi walipoumia, nao aghalabu watakwambia kwamba ni katika kuteremka. Jambo hili lina sababu yake katika umbo lenyewe la kifundo. Mifupa miwili ya mguu, ule mnene wa muundi na ule mwembamba wa upande wa nje, huushika kati yao mfupa mmoja wa wayo, na mfupa huo ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Basi mtu apandapo mlima, ncha ya mguu ikielekea juu, sehemu ile pana huingia na kukaza kama kabari katika ufa wa gogo, lakini ashukapo, vidole vikitangulia chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki katika nafasi ile, na kiungo hulegea. Hapo ndipo jiwe dogo linapoupindua wayo kwa ndani, uzito wa mwili na wa gunia ukashuka wote upande wa nje, na kano ziungazo mfupa na mfupa zikavutika kupita kiasi chake au zikachanika, na ile ya mbele ndiyo hutangulia kuchanika. Mtu husikia maumivu makali, kifundo hufura, na baada ya siku moja au mbili ngozi hugeuka rangi ya zambarau.

Linalofuata baada ya hapo ndilo linalonitia huzuni, kwa kuwa ni msiba ambao watu wameuzoea. Wako waliolazimishwa na njaa kurudi kazini siku ya tatu kwa kuchechemea, na wako waliofungwa mguu kwa vitambaa na kuambiwa wasikanyage kabisa hata mwezi ukapita. Na makundi haya mawili, yaliyofuata njia zinazopingana, hufika mahali pamoja. Kwa sababu kano zile hazikupewa kazi ya kushika tu, bali ndani yake mna mishipa ya fahamu inayoupasha ubongo habari ya namna wayo ulivyolala juu ya ardhi, ili misuli ijirekebishe kabla mtu hajaanguka. Kano ikichanika, habari hiyo hupungua au huchelewa. Uvimbe huisha, maumivu hutulia, mtu hujiona amepona, na miezi michache baadaye huteguka tena katika njia ile ile, na safari hii kwa jiwe dogo zaidi. Nimewasikia wengi wakisema kwamba mguu wao umelogwa au umezoea ubaya. Haukulogwa, ulipumzishwa bila kufundishwa upya, au ulitwishwa kabla haujafundishwa.

Kabla ya mazoezi, hata hivyo, pana swali ambalo muuguzi wa kituo kidogo hulazimika kulijibu bila msaada wa mashine: je, mfupa umevunjika au haukuvunjika? Katika vituo vingi vya upande ule hapana mashine ya picha ya eksirei, na kumpeleka mtu penye mashine ni gharama ya pikipiki, ya chakula cha wasindikizaji, na wakati mwingine ya vizuizi vya watu wenye silaha. Hapa kuna elimu ambayo ningependa kuiona imebandikwa ukutani katika kila kituo kuanzia Nyabiondo hata Walikale. Mwaka 1992, katika mji wa Ottawa nchini Kanada, tabibu Ian Stiell na wenzake walitangaza kanuni fupi ya kuupima mguu kwa vidole. Mchunguzi hubonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kifundo, kisha ile ya ndani, akipanda sentimita 6 kutoka nchani. Kisha hubonyeza kitako cha mfupa wa tano wa wayo, upande wa kidole kidogo, na ule mfupa mdogo ulio juu ya upinde wa wayo kwa ndani. Na mwisho huuliza kama mgonjwa aliweza kukanyaga hatua 4 mara alipoumia, na humwomba azikanyage tena mbele yake, hata kama ni kwa kuchechemea. Mahali pale mifupani pasipouma, na hatua zile 4 zikikanyagika, kuvunjika kwa mfupa kunakohitaji tiba ni jambo la nadra mno, na majaribio ya miaka mingi katika nchi nyingi yameithibitisha kanuni hiyo.

Kanuni ile ilibuniwa ili kuzipunguzia hospitali za matajiri wingi wa picha zisizo na lazima. Kwetu sisi ina kazi nyingine iliyo kinyume chake na iliyo tukufu zaidi, nayo ni kumwambia muuguzi asiye na picha hata moja ni nani anayestahili kubebwa hata Masisi au Walikale mjini, na ni nani anayeweza kutibiwa pale pale alipo bila familia yake kuuza mbuzi. Mipaka yake isisahauliwe: haimfai mtoto mdogo asiyeweza kueleza maumivu, wala mlevi, wala mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi kwa ukoma au kwa kisukari, wala aliyepata jeraha jingine kubwa linalomshughulisha. Na mguu uliopinda waziwazi, au ambao mfupa wake umetoboa ngozi, au ambao vidole vyake vimekuwa baridi na havina hisia, haungoji kanuni yoyote. Huo ni wa kupelekwa saa ile ile.

Sasa chukua mgonjwa aliyeonekana kuwa ameteguka bila kuvunjika, ambaye ndiye mgonjwa wa kila wiki. Tumezoea kuambiwa kwamba dawa yake ni mapumziko, barafu, bendeji na kuinua mguu, na maagizo hayo yalipata umaarufu kutokana na kitabu cha tabibu Mmarekani Gabe Mirkin cha mwaka 1978. Lakini Mirkin mwenyewe, kwa uaminifu unaostahili kusifiwa, mwaka 2014 aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona badala ya kusaidia. Mtu wa Mpofi asiye na barafu, basi, hana sababu ya kujiona amenyimwa tiba. Siku mbili tatu za kwanza auinue mguu kila aketipo, aufunge bendeji isiyobana hata vidole vikabadilika rangi, na atembee kidogo kidogo kwa fimbo kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baada ya hapo kazi huanza: kuuinua na kuushusha wayo mara nyingi kwa siku, kuuzungusha, kuuandikia herufi hewani, kisha kuusukuma nje, ndani, juu na chini dhidi ya kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ambao kila fundi wa kando ya barabara hutupa vipande vyake, kisha kusimama juu ya vidole, kwanza kwa miguu yote miwili huku mtu ameshika ukuta, na baadaye kwa mguu mmoja.

Zoezi lililo rahisi kupita yote, na ambalo watu hulidharau kwa sababu ya wepesi wake, ni kusimama kwa mguu ulioumia peke yake. Mtu asimame hivyo asubuhi anapopiga mswaki na jioni anapongoja ugali kuiva, macho yakiwa wazi, na akiisha kuweza, ayafumbe. Hapo atahisi kifundo kikitetemeka, na kutetemeka kule ndiko kujifunza upya kwenyewe, kwa kuwa mishipa na misuli inatafuta tena lugha iliyopotea baina yao. Aendelee kwa wiki 6 au zaidi, hata baada ya maumivu kwisha. Sharti hili la kuendelea baada ya maumivu kwisha ndilo gumu kuliko yote, nami sioni aibu kusema kwamba hapa hapana hila wala njia ya mkato: mgonjwa aliyeelezwa sababu huendelea, na aliyepewa amri bila maelezo huacha.

Kisigino nacho kina habari yake. Wapagazi na waendeshaji wa chukudu huumwa ile kano nene iliyo nyuma ya mguu, inayoshuka kutoka shavu la mguu hata mfupa wa kisigino. Huwa nene, huwa ngumu asubuhi, na huuma katika hatua za kwanza za safari kisha ikanyamaza, na jioni huuma tena. Kwa muda mrefu watu wa namna hii waliamriwa kupumzika, na wengine walipasuliwa. Mwaka 1998 tabibu Håkan Alfredson wa Umeå, nchini Sweden, akishirikiana na wenzake, alieleza matokeo ya wakimbiaji 15 ambao aliwafanyisha jambo lililoonekana kinyume cha akili: kusimama kwenye ukingo wa kipandio kwa ncha ya mguu na kukiteremsha kisigino polepole chini ya ukingo ule, seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka na seti 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12, hata kama kano inauma, na kuongeza mzigo mgongoni maumivu yanapopungua. Wote 15 walirudi kukimbia. Baada yake wataalamu wengine wameonyesha kwamba hesabu si lazima iwe ile ile kwa kila mtu, na kwamba uzito wa polepole wa namna nyingine hufaa pia. Lakini msingi umebaki, nao ni kwamba kano yenye ugonjwa huponywa kwa kutwishwa mzigo uliopimwa, haiponywi kwa kuachishwa kazi. Katika nchi ya watu wasioweza kuacha kubeba, sijui habari ya tiba iliyo njema kuliko hiyo.

Pana hadhari moja ambayo lazima iandikwe. Mtu akisikia mlio nyuma ya mguu kana kwamba amepigwa, kisha asiweze kusimama kwa vidole vya mguu ule, alazwe kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, na shavu la mguu liminywe kwa mkono. Wayo wa mguu mzima hujisogeza chini, bali ule ambao kano yake imekatika kabisa hautajongea. Huyo hatibiwi kwa kipandio. Afungwe ncha ya mguu ikielekea chini, na apelekwe kwa tabibu wa upasuaji bila kuchelewa.

Siwezi kuandika juu ya miguu ya Mpofi nikawaruka wale ambao watu huwaendea kwanza, nao ni wahazigi, wazee na mama waungao mifupa kwa mikono, kwa majani na kwa mabanzi ya mianzi. Matabibu wengi huwataja kwa dharau. Mimi sikubaliani na dharau hiyo, ingawa nakiri kwamba madhara yapo na ni mazito: banzi lililokazwa kupita kiasi huzuia damu, na mguu uliokuja na mfupa uliovunjika huondoka umekatwa; na kuchua kwa nguvu kiungo kilichofura siku ya kwanza huongeza jeraha. Lakini mhazigi anayo mambo mawili ambayo sisi hatuna. Yuko karibu, na ana kawaida ya kumrudia mgonjwa wake siku baada ya siku, kumgusa, kumwambia anyanyue, akunje, atembee. Hiyo ni nusu ya fiziotherapia.

Tena elimu ya mifupa yenyewe haikuanzia vyuoni. Az-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1013, katika juzuu ya mwisho ya kitabu chake cha tiba, alipanga habari za kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyotenguka kwa kuyakusanya yale ambayo waliomtangulia walikuwa wakiyajua, na akayapima kwa akili ya mwanachuoni. Hugh Owen Thomas, aliyeishi toka 1834 hata 1891 na ambaye Waingereza humhesabu kuwa mmoja wa mababa wa tiba yao ya mifupa, alizaliwa katika ukoo wa wahazigi wa kisiwa cha Anglesey. Baba yake aliunga mifupa mjini Liverpool bila shahada, huku matabibu wakimpinga, na akawapeleka wanawe kusoma udaktari. Gango alilolibuni Thomas lilienezwa na mpwa wa mkewe, Robert Jones, katika vita vya 1914, likaokoa maisha ya askari wengi waliovunjika paja. Na ingawa Thomas alikuwa amesisitiza mapumziko marefu, huko Paris tabibu Just Lucas-Championnière alitoa kitabu mwaka 1895 akitetea kuchua na kukiendesha mapema kiungo kilichovunjika. Leo tunajua kwamba kila mmoja alishika upande wake wa haki: mfupa unataka utulivu ili uungane, na viungo vilivyo juu na chini yake vinataka mwendo ili visigande. Ikiwa ukoo wa wahazigi wa Anglesey ulifaa kuitwa mezani, sioni kwa nini ukoo wa wahazigi wa Walikale usiitwe, wakafundishwa kanuni ya vidole ya Ottawa, wakafundishwa kutazama rangi na joto la vidole chini ya banzi, na wakapewa ruhusa ya heshima ya kumpeleka mgonjwa kituoni bila kuchekwa.

Vita vimeyafanya haya yote kuwa ya haraka zaidi. Katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikisaidia upasuaji wa majeruhi wa silaha kwa miaka mingi, na kituo cha Shirika la Umoja kilicho mjini humo humo, pamoja na Heri Kwetu cha Bukavu, vimewatengenezea maelfu ya watu miguu ya bandia na kuwafundisha kutembea upya; Madaktari Wasio na Mipaka nao wameisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu mwaka 2007. Kazi hizo nazisifu bila kubakiza neno. Lakini vita vilipoingia Goma Januari 2025, na Machi mwaka ule ule vikafika hata Walikale mjini, njia za kuwafikia wagonjwa na za wagonjwa kufika hospitalini zilizidi kuwa finyu, na likadhihirika jambo ambalo lilikuwapo tangu zamani: majeruhi aliyeungwa muundi kwa vyuma, akiisha kuruhusiwa na kurudi kijijini, hana mtu wa kumwambia la kufanya kesho yake. Hulala na mguu umenyooshwa, blanketi likiukandamiza wayo, na baada ya miezi ncha ya mguu imeelekea chini, shavu la mguu limekuwa fupi, kisigino hakigusi ardhi tena. Mfupa wake umeungana vizuri, na picha yake ingemfurahisha mpasuaji yeyote. Naye ni kiwete. Kilema hicho kingalizuiwa kwa kitambaa kilichopitishwa chini ya wayo na kuvutwa kuelekea kifuani mara kadhaa kila siku, na kwa ndugu mmoja aliyeonyeshwa namna ya kufanya.

Watasema wengine kwamba nchi yenye malaria, kipindupindu na watoto wenye utapiamlo haina nafasi ya kushughulikia vifundo vilivyoteguka. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa wanaoitoa ndio wanaokesha na watoto hao. Hata hivyo naomba waitazame nyumba badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Mama asiyeweza kuteremka bondeni kwa sababu ya kifundo hawezi kuleta mihogo, wala kumchukua mtoto mwenye homa kituoni kabla hajachelewa. Na kijana asiyeweza tena kubeba wala kulima, katika nchi ambayo makundi ya silaha hayakosi kazi ya kumpa, yumo hatarini kwa namna ambayo daftari la hospitali haliiandiki. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 lilitoa mwito wa kuitia tiba ya kurejesha uwezo wa viungo ndani ya huduma za kila siku, na ambalo mkutano wake mkuu wa mwaka 2023 ulipitisha azimio juu ya jambo hilo hilo, linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo tiba hiyo ingeifaa, na kwamba ziko nchi ambazo wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni. Vyuo vyetu vya tiba, kuanzia Kinshasa, huwatoa wataalamu wa kine, lakini aghalabu hubaki mijini, kwa kuwa mijini ndiko uliko mshahara, na siwalaumu.

Kwa hiyo sidai kwamba kila kijiji kipelekewe mtaalamu. Nadai kwamba mtaalamu mmoja wa hospitali kuu apewe katika kazi yake siku za kuwafundisha wauguzi wa vituo na wahudumu wa kujitolea wa vijiji; kwamba wauguzi wafundishwe kanuni ya hatua 4, zoezi la mguu mmoja, zoezi la kipandio na uvutaji wa kisigino kwa kitambaa, mambo ambayo mtu mwenye akili ya kawaida huyashika kwa muda mfupi; na kwamba wafadhili wanaopeleka vidonge vya maumivu kwa maboksi wakubali kulipia pia nauli ya mwalimu. Vyombo vinavyotakiwa ni kipandio cha ubao, ukuta, kipande cha mpira wa gurudumu na fimbo, na vyote vimo tayari katika kila kijiji nilichokitaja.

Na zoni za afya za Masisi, Kibua na Walikale zinaweza kuanza hata kabla ya fedha kupatikana, kwa kuongeza mstari katika daftari la wagonjwa: muuguzi aandike kila mguu ulioumia, aandike mwenye mguu alikuwa akibeba nini alipoanguka, na amwite tena baada ya wiki 6 kuandika kama amerudi kubeba au la.